Udongo wa Ruti

Elburgon, mwezi wa sita

Kwako Mama Yohana,

Kaburi nililokuambia liko kanisani, haliko. Nimekuficha miaka yote hii. Ruti wetu nilimzika kwenye tuta la bwawa.

Sasa nikusalimu. Hujambo, na goti lako linaendeleaje? Mimi kifua kimenishinda. Daktari hanipi dawa tena, ananiuliza tu habari za nyumbani. Barua yako imefika, kwamba Yohana anakuja na mkebe kuchukua udongo wa kaburi la dada yake tuuzike kwetu kabla sijafa. Ndiyo maana naandika. Soma mwenyewe, usimpe katekista akusomee.

Ulipokwenda kwenye matanga ya mama yako na kikohozi kikamchukua Ruti, mwenye shamba alikataa kaburi katika ngano yake. Kanisa nalo lilikataa, maana mtoto hakuwa amebatizwa. Tuta la bwawa lilikuwa mahali pekee ambapo plau haingepita kamwe. Nikapanda mti wa lusiola juu yake uwe alama ya kaburi, kama tufanyavyo kwetu.

Kazi yangu waijua: kung'oa kila mti unaoota kwenye tuta, kwa sababu mizizi hufungulia maji njia. Nimeng'oa mikaratusi, nimeng'oa hata mipera ya watu wakinitukana. Lusiola nikaupita. Nyapara alizoea kunitania, "Mzee, mti huu ni mama mkwe wako? Mbona hauguswi?" Watu walicheka, nami nikacheka.

Tangu wafyekaji wengi waondolewe kwa ajili ya Hali ya Hatari, tuta limekuwa kichaka. Baada ya mvua za mwaka huu, maji yalianza kutoka upande wa chini wa tuta, pale pale penye lusiola. Maji maangavu si kitu, kila bwawa hutoa jasho. Haya yalikuwa na rangi ya chai. Hapo ujue bwawa linaliwa kutoka ndani. Na bondeni ziko nyumba za watu wa kiwanda cha mbao.

Nyapara akauliza, "Tufanye nini, mzee?"

"Fungulieni maji yapungue, kisha ng'oeni mti. Na kisiki."

"Mama mkwe?"

"Ng'oeni."

Hakuna aliyecheka.

Udongo ulioshikwa na mizizi haurudishwi. Hutolewa wote, panatiwa udongo mpya wa mfinyanzi, panashindiliwa. Nilisimama na fimbo yangu mpaka kazi ikaisha. Pamekauka sasa. Watu wa bondeni wanalala.

Nisalimie dada yangu mkubwa aliyenilea, na mke wa Yohana, na jirani yetu anayekuchotea maji. Mwambie Yohana akija, aje kunizika tu, mkebe auache. Mfupa sikuuona, mtoto alikuwa mdogo. Vijana waliokuwa na toroli waliniuliza udongo ule waumwage wapi. Niliwaonyesha barabarani, wazibe mashimo ya malori ya magogo.

Mumeo,
Baba Yohana