Mlimani Siku Hizi Hawashuki

Kaka Marwa,

Shikamoo. Baiskeli yako bado imeegemea ukuta kwa mama, hapa Nyamisangura, na mpira wa kufungia mizigo uko kwenye keria kama ulivyouacha. Siku tulipokuzika, kikundi chako cha Jumamosi kilikuja chote kwa baiskeli. Nilidhani kitadumu.

Sasa kina mwenyekiti mpya, naye ana baiskeli ya betri. Ndiyo, kaka, ya betri. Anapanda ule mwinuko wa barabara ya Sirari kama mtu aliyekaa kwenye kochi, miguu inazunguka kwa adabu tu. Akifika juu anatazama saa yake imwambie kama amechoka. Wenzake wamenunua za gia nyingi, na kaptura za kubana ambazo ungezicheka mpaka ukae chini.

Unakumbuka pale chini ya mwinuko? Ungeweza kuupanda wote bila kutua, lakini kila Jumamosi ulishuka. "Shukeni jamani, tuongee kidogo." Tukasukuma pamoja. Tukiwa tunasukuma, Bhoke muuza dagaa alitusimulia jinsi mume wake alivyomwacha. Tukiwa tunasukuma, uliniambia kifua kinakuuma, ukaniomba nisimwambie mama.

Siku hizi hakuna anayeshuka. Sisi wa baiskeli nzito tukifika juu, wao wameshapiga picha na kuondoka. Wanawake wa sokoni tuliokuwa tukiendesha nao wameacha, mmoja mmoja, amebaki Bhoke tu. Jumamosi iliyopita mwenyekiti aliikagua baiskeli yangu mbele ya watu.

"Dada Ghati, hii ni ya kubebea maziwa. Tafuta ya gia au baki nyumbani, unatuchelewesha."

Bhoke akamjibu, "Tunakuchelewesha kwenda wapi? Si unageuza na kurudi hapa hapa?"

Watu walicheka. Yeye alitazama saa.

Lakini mimi nilirudi nyumbani, kaka. Nikakaa karibu na baiskeli yako, nikawaza: leo mtu akiumwa kifua katikati yao, atamwambia nani? Labda ile saa.

Pumzika, kaka yangu. Jumamosi naitoa baiskeli yako nje. Bhoke amewaambia wale wa sokoni, nao wamekubali kuja. Tutawaacha wenye mashine watangulie na haraka yao. Tukifika chini ya mwinuko nitashuka wa kwanza, nami nitasema yale maneno yako.

Mdogo wako,
Ghati