Tangu Bibi Agnes Aanze Kuniheshimu

Ng'ambo, Tabora
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine za siku zote ambazo sikupiga simu. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua bado unaitumia au umeshaigawa kwa jirani? Na bibi, anakula? Mwambie Siwema, maana najua ndiye anayekusomea haya, asiruke mistari na asiongeze ya kwake. Mimi huku ni mzima. Nafundisha, nakula, nalala. Ile homa iliisha. Kinachosumbua ni roho, na roho haina kipimo hospitali.

Utauliza kwa nini nisipige simu. Nilijaribu, mama. Nikisikia tu "haloo" yako naanza kulia, na wewe ukisikia kilio utadhani nimefukuzwa kazi au nimeolewa kimyakimya. Hakuna hata moja. Nimeona niandike ili nifike mwisho wa ninachotaka kusema.

Unamkumbuka Bibi Agnes, mwenye nyumba wangu? Yule mama mtu mzima wa Kinyamwezi, Mkatoliki, anayekaa vyumba vya mbele na mjukuu wake Kalunde. Nilipohamia hapa sikuwa na mtu. Siku za mwanzo aliniuliza kabila langu, nikamwambia Mzaramo wa Bagamoyo. Aliingia chumbani kwangu, akachukua ile kanga mpya uliyonifungia safari, akajitanda, akaenda nayo kanisani. Nilibaki mlangoni nimeduwaa. Aliporudi akisubiri nimseme, ndipo akili ikanirudi: mtani! Babu zake walishuka na mizigo mpaka kwetu, babu zetu wakawapokea, na tangu hapo baina yetu na wao heshima ilikufa. Nikamfuata jikoni nikamwambia avue kanga yangu, mabega yake bado yananuka pembe za ndovu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kanga hakurudisha.

Kuanzia siku hiyo nikawa na kwetu hapa Tabora. Kila asubuhi ananigongea dirisha: "We mvivu wa pwani, jua limetoka! Ama unangoja ngoma ipigwe ndiyo uamke?" Nami namjibu yaliyo mabaya zaidi, na chai inanywewa. Hujui, mama, namna matusi hayo yalivyonishikilia nisirudi nyumbani ule mwaka wa kwanza.

Sasa nikueleze lililotokea. Shuleni nasimamia softiboli ya wasichana. Chukulia ni rede iliyokwenda shule. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne wanavyoviita besi. Akifika besi ya mwisho kabla hajaguswa na mpira, timu yake inapata alama. Anayeamua kama amewahi au amewahiwa ni ampaya, na ampaya ni mimi mwanao, na shati langu la buluu na barakoa ya chuma usoni. Ungeniona ungekimbia. Kalunde naye ni mdakaji wa timu ya wasichana wa mjini. Naye huvaa barakoa, na anachuchumaa mbele yangu kabisa, mgongo wake karibu na magoti yangu. Nisingepangiwa mechi zake kama tungekuwa wengi, lakini waamuzi huku ni wa kuokoteza.

Siku hiyo walikuja wasichana wa Kigoma, wameshuka kwenye treni alfajiri na macho mekundu. Mshindi angeingia fainali kesho yake. Kabla ya kuanza niliwaita manahodha nikawaambia sheria kama ilivyo: atakayemtolea mwamuzi lugha chafu anatoka uwanjani, na mechi inayofuata hachezi. Wakaitikia wote.

Haikuchukua muda. Mpigaji mmoja wa Kigoma, msichana hodari, nilimhukumu auti, yaani ametolewa. Akatupa gongo chini akasema, "Ampaya kipofu!" Nikamtoa. Alilia kwa kwikwi akaenda kukaa nyuma ya mabegi yao. Mwalimu wao, baba mmoja mpole, alikuja kumchukua na hakubishana nami hata kidogo.

Mechi ikiwa karibu kwisha, msichana wa Kigoma akajirusha kwenye besi ya mwisho, vumbi likatufunika sote. Niliuona mguu wake umegusa kabla Kalunde hajamfikia na mpira. Nikatandaza mikono: sefu, amewahi. Kalunde akavua barakoa, akanigeukia mikono kiunoni, uwanja mzima unasikia:

"Ama kweli Mzaramo! Ingekuwa ngoma inapigwa hapa ungeona mpaka kucha za mchezaji! Mpira haukuhusu weye, rudi Bagamoyo ukatingishe kiuno!"

Nilicheka, mama. Nilicheka kwa sauti, katikati ya uwanja, na shati la uamuzi mwilini. Sikuchagua kucheka. Sauti ilikuwa ya bibi yake, maneno ya jikoni kwetu, na kwa muda mfupi ule sikuwa ampaya wala mwalimu wala mgeni. Nilikuwa mtu mwenye watu wake. Watazamaji wa Tabora nao wakacheka, wanaujua utani huo tangu utotoni.

Mwalimu wa Kigoma hakucheka. Alikuja polepole, kofia mkononi.

"Samahani, mwalimu. Binti yangu alisema neno moja, yuko kule analia. Huyu ametoa hotuba, na wewe unacheka."

Nikamjibu bila kufikiri, "Huyu ni mtani wangu."

"Sawa. Sisi Waha hatuna utani na Wazaramo," akasema. "Basi tuambie, watoto wetu wangezaliwa wapi ili sheria yako iwahurumie?"

Nikamgeukia Kalunde nikamwonyesha njia ya kutoka. Alidhani naendeleza mchezo wetu. Akacheka, akavaa barakoa, akachuchumaa tena. Ikabidi nirudie. Nilimwita kwa jina lake na la baba yake, kama ninavyowaita darasani, ndipo akainuka. Afadhali angenitukana. Aliniangalia tu kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Wenzake walishinda bila yeye. Kesho yake, kwenye fainali, alikaa benchi amevaa jezi isiyo na kazi. Wachaguzi wa timu ya mkoa walikuja siku hiyo moja tu, na huu ndio mwaka wake wa mwisho kwa umri wa vijana. Timu yake ilifungwa. Majina yaliposomwa, la Kalunde halikuwemo, na asingeweza kuchaguliwa na watu ambao hawakumwona akicheza.

Ukiniuliza, mama, kama ningemtoa tena, nakuambia ningemtoa. Yule binti wa Kigoma naye ana mama yake. Kinachoniuma si kumtoa, ni kwamba nilitangulia kucheka. Nilimwambia kwa kicheko changu kwamba pale ni nyumbani, kisha nikamtimua.

Jioni ile ya kumtoa nilirudi nyumbani nimejiandaa. Nilijua Bibi Agnes atanivua nguo kwa maneno, na njiani nilikuwa nimetunga ya kumjibu. Nikamkuta ukumbini anachambua mchele. Akasimama, mama. Yule bibi alisimama, akanipisha njia, akasema, "Karibu, mwalimu. Pole na kazi."

Asubuhi yake dirisha halikugongwa. Nilipotoka akaniambia, "Habari za kuamka, mwalimu? Maji yanatoka bombani, kama utahitaji." Kalunde naye akapiga goti, shikamoo, macho chini, akaondoka. Ikawa hivyo kila siku. Mwalimu hiki, mwalimu kile, samahani mwalimu. Jirani mmoja alinisifia eti siku hizi nyumba yetu ina ustaarabu.

Halafu siku moja nimetoka shule nikakuta kitu kwenye kiti mlangoni kwangu. Ile kanga. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Siku niliyoondoka Bagamoyo nililia, unakumbuka, mpaka kondakta akanipa maji. Kilio cha kanga kilizidi kile. Nilijifungia nikaiweka usoni nikatafuta harufu ya nyumbani, nikakuta sabuni tu. Nilianza hata kuandika barua ya kuomba uhamisho. Nikaona, kama ni kuishi na watu wanaoniheshimu, hata Songea wapo.

Leo baada ya kufua nilipata hamu ya chakula chako. Nilikwenda sokoni nikapata nazi, zile zinazokuja na treni kutoka huko, zimechoka kama abiria. Nikakuna, nikakamua, nikapika wali, na samaki mkavu pembeni. Harufu ikajaa uani. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nangoja uive, nafikiria wewe saa hiyo unafanya nini.

Bibi Agnes akaingia. Ametoka misa, na gauni lake la Jumapili. Hakupiga hodi. Alipita mbele yangu kama sipo, akaingia chumbani kwangu akaitwaa kanga kitandani, akatoka nayo, akaikunjakunja ikawa kishikio, akainua sufuria yangu kutoka jikoni.

"Bibi, unapeleka wapi?"

"Faini," akasema. "Mtani akikasirikia utani, analipa. Hukufundishwa kwenu?"

"Sikukasirika mimi! Nilicheka, watu wote waliona nilicheka!"

"Ndiyo maana naibeba yote. Ungekasirika tu, ningechukua nusu. Huyu anacheka huku anafukuza mtoto wa watu, mchawi gani huyu wa Kizaramo!"

Mama, nilisimama pale machozi yananitoka na nacheka, sijui kipi kilitangulia. Kalunde alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akachota, akaonja, bado hanitazami.

"Hauna chumvi," akasema. "Na huko kwao wanaianika wenyewe."

Bibi aliniambia pembeni nisidhani yamekwisha. Lake yeye limekwisha, la Kalunde ni la Kalunde, na litachukua muda wake. Nimekubali, ni haki yake. Wakala wali wangu mbele ya macho yangu, nikaomba, wakanibandulia ukoko. Ulikuwa mtamu.

Nisalimie bibi, umshike mkono ukimwambia ni mimi. Shangazi Mwajuma, dada wa baba, mwambie dua zake zinafika. Kaka Hamisi fundi wetu wa baiskeli, na mkewe, na kile kichanga ambacho sijakiona. Mjomba Seif asiyekosa la kugombana, mwambie huku wako wanaomzidi. Siwema, mdogo wangu, asome vitabu vyake kama anavyosoma barua za watu.

Bibi Agnes naye ana salamu zake kwako, nazileta kama alivyozitoa, mdomo umejaa wali: "Mwandikie mamako, mwanawe nimemkamata mateka. Simwachii kwa barua wala kwa simu. Aje mwenyewe kumkomboa." Nilimjibu kwamba mama yangu hatishwi na wapagazi, tukacheka sana.

Lakini walipoondoka nikafunga mlango, na sikuwa nacheka tena. Najua hali ya miguu yako, mama. Najua safari ilivyo ndefu, na kwamba bibi hana wa kuachiwa. Najua yote hayo na bado naandika. Njoo, mama. Njoo unikomboe, hata kama ukishanikomboa utaniacha hapahapa.

Mwanao,
Mwanahawa