Sikumpa Maji Phineas

KITUO CHA POLISI MAZHAMBE, GUTU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sekesai Gwatidzo (Mama Kudzai)
Umri: Miaka 46
Kazi: Mkulima, pia fundi cherehani wa sare za shule
Makazi: Kijiji cha Chamisa
Tarehe na saa: Jumatano, 18 Oktoba 2023, saa 3:20 asubuhi
Mwandishi wa maelezo: Sajini N. Dube

Afande Dube amenionya kwamba nikisema uongo hapa naweza kushtakiwa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, achonge penseli tu, maana ukweli ninao mwingi.

Mimi ni mjane wa Onias Gwatidzo, aliyefariki mwezi Juni mwaka jana. Nyumba ninayokaa tuliijenga pamoja. Kisima kilicho nyuma ya jiko alikichimba yeye mwaka tuliooana, na udongo wake wote niliuvuta juu mimi, nikiwa na mimba ya binti yetu Kudzai. Nalisema hili mapema kwa sababu wale wazee wa ukoo wa mume wangu waliokaa nje kwenye benchi la kituo hiki wanakiita "kisima cha ndugu yetu". Ndugu yao alichimba, sikatai. Lakini hawakuwepo hata mmoja siku ya kuvuta udongo.

Mtuhumiwa, Phineas Gwatidzo, ni mdogo wake marehemu. Ana mke na watoto, na anakaa ng'ambo ya kijito. Tangu matanga ya kaka yake anataka kunirithi mimi, pamoja na nyumba na shamba.

Mnamo tarehe 12 Agosti mwaka huu ukoo ulikusanyika kuirudisha roho ya marehemu nyumbani, kama tunavyofanya mwaka ukishapita. Siku hiyo mjane hupewa bakuli la maji. Afande ameniuliza bakuli hilo ni la nini, kwa kuwa kwao hawana jambo hili. Ni hivi. Wanaume wa ukoo huketi kwa safu, na mjane humpelekea maji ya kunawa yule anayemtaka awe mume wake. Asiyetaka mume humpelekea dada wa marehemu, na neno linaishia hapo. Phineas alikuja na suti, akakaa wa kwanza kwenye safu, mikono ya shati ameshaikunja tayari kwa kunawa. Nilimpita. Maji nikampa wifi yangu Erina, akanawa hadi kwenye viwiko na kupiga vigelegele. Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka, andika hivyo, sitaki baadaye aseme nilificha.

Katikati ya Septemba kisima kilianza kushuka. Mwisho wa mwezi ndoo ilikuwa inapanda na tope, halafu hata tope likaisha. Hilo si ajabu kwetu, mvua hatujaiona tangu Machi. Nikawa nachota maji kwenye pampu ya shule, napanga foleni na ndoo zangu kabla ya jua kutoka, halafu narudi kushona. Siku moja Phineas alinikuta jikoni. Hakupiga hodi. Akasema, "Shemeji, ulininyima maji mbele za watu. Sasa Kaka naye kakunyima. Ngoma droo."

Nilimwambia, "Kisima cha mwalimu mkuu nacho kimekauka. Yeye alimnyima nani bakuli?"

Akatoka, na maneno yake akayatembeza kijiji kizima, hadi kanisani. Wanawake ninaowashonea sare wakaanza kunitazama kwa jicho la huruma. Huruma hiyo ilinikera kuliko kiu.

Nikamwita Fanuel Bwanya, mchimba visima, akanikubalia kuja kuongeza kina. Alifika jana, Jumanne tarehe 17, saa moja asubuhi. Alishusha mshumaa uliowashwa ndani ya kopo ili kupima hewa, na haukuzimika. Lakini baada ya hapo alisimama tu, viatu hakuvua.

Akasema, "Mama Kudzai, mimi sishuki. Phineas kaniambia marehemu ndiye aliyekifunga hiki. Nikishuka atanifungia na mimi humo."

"Mshumaa ulizimika?"

"Haukuzimika."

"Basi hewa ipo."

"Hewa ipo, mama. Tatizo na mwenyewe yupo."

Nilimuuliza kama anaogopa pia kusimama juu na kuzungusha gogo la kuviringishia kamba. Akasema gogo haliogopi, gogo liko kwenye jua. Nikaingia ndani nikavaa ovaroli ya Onias, nikafunga kichwa kitambaa, nikatoka na mtaimbo. Fanuel alishika kichwa. "Mama, mwanamke hashuki kisimani! Watu watasema nini?"

"Watasema nimeshuka. Zungusha."

Nilikaa juu ya kipande cha mti kilichofungwa kwenye ncha ya kamba, naye akaniteremsha. Kisima kina kina cha mita kumi na kitu. Sehemu ya juu Onias aliijenga kwa matofali akaisakafia, hakuna pa kushika wala pa kukanyagia. Bila kamba hutoki. Hilo Phineas analijua vizuri, maana siku ile ya kusakafia alikuja kula.

Nilichimba, Fanuel akavuta ndoo. Kazi ilikwenda vizuri. Ilipofika kama saa nne ndoo ilipanda na haikurudi. Nikasikia watu wakizungumza juu, halafu hatua za mtu anayeondoka haraka, halafu kichwa cha Phineas kikatokea mdomoni mwa kisima.

"Shemeji, habari za huko?"

"Za huku ni kazi. Teremsha ndoo."

"Fanuel kaondoka. Kakumbuka ana mbuzi wa kuchunga."

"Basi teremsha kamba."

Alisema atateremsha mara moja, ila kwanza niseme neno moja. Niseme kwamba Jumamosi nitawaita wazee, nitachukua bakuli upya na nitampa yeye. "Sema tu, shemeji. Sauti inapanda vizuri, nitaisikia."

Nilimjibu hivi, na namwomba afande ayaandike kama yalivyo: "Kamba hiyo ni yangu. Ndoo ni yangu. Kisima hiki ni changu. Kilicho chako hapo juu ni kivuli tu, nacho kinanizibia mwanga. Sogea."

Hakusogea. Ncha ya kamba iliyokuwa bado inaning'inia kule juu aliivuta, nikaiona ikipotea, akaketi ukingoni.

Afande ameniuliza kama niliogopa. Niliogopa. Ukiwa chini kule mbingu ni ndogo kama sahani. Nilimkumbuka Kudzai, yuko Harare na hajui mama yake yuko shimoni. Lakini niliona nikikaa chini kulia, nitalia mpaka yule mtu aridhike, na mimi sikushuka kule kumridhisha mtu. Nilikuwa na mtaimbo mkononi. Nikaendelea kuchimba.

Udongo uliotoka nililundika upande mmoja, kwa kuwa hapakuwa na wa kuuvuta. Kila baada ya muda Phineas alichungulia.

"Bado unachimba?"

"Bado umekaa?"

Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu. Mara moja alisema nisipokubali nitaoza humo. Nilimwambia nikioza, hapo atakunywa nini.

Kuna mahali upande wa nyuma mtaimbo uliingia kwenye ufa wa jiwe ukateleza, na nilipouchomoa ulikuwa umelowa. Nikapiga tena mara kadhaa. Maji yalitoka kwa kujivuta, kidogo kidogo, halafu yakanifika mguuni, baridi. Nilitaka kupiga kelele. Nikajiziba mdomo kwa mkono wenye tope na nikalia humo humo mkononi, kwa furaha. Sikutaka asikie. Angesikia angesimama kanisani Jumapili aseme Onias amesamehe kwa ajili ya maombi yake. Maji yale niliyatoa mimi kwenye jiwe na sikuwa tayari kumpa mtu sifa zake.

Nikapanda juu ya lundo la udongo nikanyamaza. Maji yakaendelea kupanda, na lundo likaanza kulainika chini ya miguu yangu. Hapo niliogopa mara ya pili, maana niliyoyatafuta ndiyo yangenizamisha. Phineas akauliza, "Mbona kimya? Umeshindwa?" Nilijiambia yakifika kiunoni nitapiga yowe kuita majirani. Kumwambia nitampa bakuli, hapana, hata yangefika shingoni.

Yalikuwa yamenifika katikati ya miguu niliposikia sauti ya Bi Maraini Chuma. Huyu ni muuza ugoro, mtu mzima wa miaka sabini hivi, naye ni mtani wa ukoo wa Gwatidzo. Ukoo wao ndio unaotuzika. Hututukana, huchukua akitakacho nyumbani kwetu, na hakuna Gwatidzo anayeruhusiwa kumkatalia wala kumkasirikia. Afande amesema utani wa namna hii anaujua.

Bi Maraini alisema, "We Phineas! Umekikalia kisima kama kuku anayeatamia. Unatarajia kutotoa nini, vyura?"

Phineas akasema, "Pita salama, mtani. Hapa tuna mambo ya nyumbani."

"Mambo ya nyumbani ndiyo chakula changu. Nina kiu, nichotee maji."

"Kisima kimekauka, mtani."

"Nimekuuliza hali yake? Nimesema nichotee. Au siku nikikuzika unataka nikulaze kifudifudi?"

Kisha nikaona ndoo inashuka. Sijui kama Bi Maraini alikuwa ameshajua niko chini, yeye mwenyewe ataeleza. Niliijaza ndoo hadi ukingoni na kuitikisa kamba. Alipoanza kuvuta, gogo lililia kwa uzito, na Phineas akapaza sauti, "Maji! Kuna maji!" Nikamsikia Bi Maraini akinywa, akatema tope, akanywa tena.

Akasema, "Haya. Sasa nichotee na aliyeyachota."

Hivyo ndivyo nilivyotoka. Phineas mwenyewe ndiye aliyenivuta, jasho linamtoka, mtani amesimama nyuma yake anavuta ugoro. Nilipokanyaga juu, kengele ya shule ilikuwa inalia ya saa saba na nusu.

Sasa nafika kwenye jambo lililowaleta wale wa nje. Nilipokuwa bado najifuta tope machoni, Phineas alitumbukiza mikono yake kwenye ile ndoo, akanawa, akainua mikono juu. Akasema, "Umeona, mtani? Kanipa maji. Nimenawa. Wewe ni shahidi, huyu ni mke wangu."

Bi Maraini alichukua ndoo na kummiminia maji yaliyobaki juu ya viatu. "Aliyeomba ni mimi, aliyepewa ni mimi, aliyekunywa kwanza ni mimi," alimwambia. "Wewe hapo katikati ulikuwa kamba tu."

Phineas alibadilika rangi, lakini kwa mtani hakuna kukasirika, ikabidi acheke. Nilikuwa sijamwona mtu akicheka vibaya namna ile.

Leo asubuhi amewaambia wazee kwamba mimi ni mke wake tangu jana, na kwamba mume hawezi kushtakiwa kwa kushika kamba ya nyumbani kwake. Ndiyo maana wamekuja kujaza benchi na kutaka jambo hili lirudi nyumbani likazungumzwe. Mmoja wao ameniambia nikiendelea na kesi hakuna Gwatidzo atakayesimama kwenye maziko yangu. Nimemwambia Bi Maraini yupo, na makaburi yetu yote kachimba ukoo wake. Wifi Erina yeye amekuja nami kwa miguu kutoka Chamisa. Amekaa benchi la peke yake, na atawaambia ni nani aliyepewa bakuli tarehe 12 Agosti.

Sikumpa Phineas maji. Sikumpa mwezi wa nane na sikumpa jana. Nilijaza ndoo ya mtu mwenye kiu, na mtu huyo hakuwa yeye. Aliniacha shimoni kwa makusudi, akaketi kusubiri nivunjike, nami sikuvunjika. Malalamiko yangu siyaondoi, leo wala kesho, hata wakija na benchi lao wenyewe.

Ombi langu ni moja. Kamba mmeichukua kama kielelezo. Naomba mmalizane nayo mapema, kwa kuwa sasa kisima kina maji nami sina cha kuyachotea.

Nimesomewa yote niliyosema. Nimerekebisha mahali pamoja tu, ambapo afande alikuwa ameandika "kisima cha marehemu". Amekata na kuandika "kisima cha shahidi". Yaliyobaki ni maneno yangu, na nikiitwa mahakamani nitayasema hivi hivi, kwa sauti.

Sahihi ya shahidi: S. Gwatidzo

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini N. Dube, na kumsomea shahidi, naye ameyatia sahihi mbele yangu saa 5:05 asubuhi. Kamba moja imehifadhiwa kama kielelezo namba 1. Shahidi ameleta pia chupa moja ya maji ya kisima hicho, kielelezo namba 2. Nilipoinyoshea mkono alikataa kunikabidhi. Ameiweka juu ya meza, na ametaka niandike kwamba ameiweka juu ya meza, na kwamba mkononi hakumpa mtu.