Seva Iliyowekewa Programu ya Wizi

Ijuganyondo, Bukoba
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu mpendwa Jovita,

Nakusalimu sana. Mnaendeleaje huko Ngenge? Watoto wamepona kikohozi? Mzee wetu Tata aliniambia kibanja chenu cha migomba kimepata mvua nzuri, nikafurahi. Mimi mwili hauna shida, ila moyo hautulii. Barua hii anakuletea Immakulata, binti wa shangazi. Nimemwomba akupe wewe mwenyewe mkononi. Sikupiga simu kwa sababu simu yako mara nyingi hupokewa na shemeji.

Unajua kazi yangu hapa hospitali ni kutunza kompyuta. Mwaka huu tuliletewa seva mpya, kubwa, ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa wote. Tulitegemea itakwenda kasi, haikwenda. Programu tunayotumia ni ya bure, na leseni yake inairuhusu kutumia prosesa nne tu, zile bongo za kompyuta. Nyingine zote zinakaa bila kazi. Asubuhi za kliniki skrini zilikuwa zinaganda, akina mama wenye watoto mgongoni wanasimama hadi mchana wakinung'unika.

Mkuu wangu, Audax, akaja na toleo la kulipia alilolipata kwa rafiki yake, ambalo kufuli yake ya leseni ilikuwa imeshavunjwa. Nilimwambia huo ni wizi, tena hatujui aliyelivunja ameficha nini ndani. Akaniuliza kama nataka wagonjwa wazimie kwenye foleni kwa ajili ya leseni ya watu wa mbali. Akaliweka mwenyewe. Dada, seva ilikimbia! Foleni zikaisha, hata mimi nikaanza kumsifu.

Wiki iliyopita nikaona seva inatuma vitu nje, kwenye anwani nisiyoijua, na hakuna mtu aliyeiagiza. Nikachomoa waya wa mtandao, nikakimbilia kwa Sista Consolata, mganga mkuu wetu. Audax alisema nimechanganyikiwa. Sista hakubishana naye. Aliuliza tu ni mafaili gani yametoka. Tukaangalia. Ni ya kliniki ya Alhamisi, ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi.

Dada, usinikasirikie. Faili lako limo. Najua tangu siku nyingi kwa nini unazipita hospitali zote za Muleba na kuja kuchukua dawa Bukoba. Kazi yangu ndiyo iliyonionyesha, na sijamwambia mtu, hata Tata. Nilisubiri uniambie ukiwa tayari.

Sijui nani anayo majina yale, wala atayafanyia nini. Huenda lisitokee lolote. Lakini simu ikilia tu, nashtuka nikidhani kuna mtu huko kijijini ameshapata habari. Sista ameamua wote waambiwe; wewe nimeomba nikwambie mimi.

Kuhusu shemeji Gozbert, naona ni afadhali asikie kwako kuliko kwa mtu wa njiani. Ukiogopa, nitumie neno kwa Immakulata, nitakuja tukae naye wote wawili. Na mimi naogopa, lakini nitakuja.

Tumerudisha programu ya bure. Skrini zinaganda tena, na wanaosubiri wananirushia maneno. Nakuomba usiache dawa kwa hofu. Njoo Alhamisi yako kama kawaida. Utakaa sana kwenye benchi, ila safari hii nitakaa na wewe.

Wabusu watoto kwa ajili yangu. Shemeji mpe salamu zangu, utakapoona inafaa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Elieth