Dubu Aliyefunga Mdomo

Ras Al Khor, Dubai
12 Februari 2004

Caren mama,

Kabla hata ya salamu: mtu akikuhadithia habari ya dubu wa huku kwetu, mwambie anyamaze. Wote wanaikosea, kuanzia dereva wa tangi la maji mpaka muuza chai. Dubai nzima anayeijua habari hiyo ni mmoja, na ni baba yako.

Haya, sasa hujambo? Kuku? Goti lako? Mimi ni mzima kama chuma. Jamiru, huyu Mganda anayenishikia kalamu, anasema nimezeeka. Nimemlazimisha aandike hapa kwamba yeye ni mwongo.

Barua yako imefika. Umeniuliza kitu kimoja tu: kiboko hali nyama, sasa kwa nini alimuua Hesbon wako na kumwacha palepale kwenye matope? Kama si roho mbaya, ni nini? Mama, sikuweza kuja kumzika mkwe wangu, pasipoti iko kwa arbab, tajiri wangu. Wacha basi nikujibu na dubu.

Arbab alimwinda huko mbali kwenye theluji. Yekoniya, mpishi wake, alikuwepo. Watu wa hapa wanasema dubu alijificha nyuma ya jiwe siku nzima akimngoja mwongoza njia wao, akamrarua, hakula hata kidole, halafu akacheka. Dubu kucheka! Mimi ndiye mlinzi wa godauni wanamoshonea ngozi za wanyama aliowaua arbab, wasimame kama wazima. Furushi nililifungua mwenyewe. Ngozi ilikuja na chumvi yake, imekunjwa kama blanketi. Nikaugusa uso. Mdomo umefungwa, mama. Umetulia kama wa mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Arbab akaja, akamwangalia, akasema, "La, la. Nataka mkali." Jamiru, maana mshonaji ndiye yeye, akaupanua mdomo, akatia waya, akaweka meno ya plasta, ulimi akaupaka rangi nyekundu. Hasira yote ile niliiona ikitoka kwenye kopo. Sasa wageni wakiingia wanaruka nyuma: "Mnyama katili huyu!"

Mchana wenzangu wakilala, nakaa naye. AC inapuliza manyoya, yanainuka, yanashuka, kama anapumua. Nje flamingo wanapita juu ya paa, wekundu kidogo, bila sauti, na mimi sijui tena kama niko macho au naota.

Baba yako


Nyumbani
9 Machi 2004

Baba mpendwa,

Pokea salamu zetu. Goti limepona, kuku watatu wamekufa. Mwambie Jamiru mwandiko wake ni mzuri kuliko maneno yako.

Baba, usinichezee. Huyo dubu aliua mtu au hakuua? Kiboko wangu mimi namjua, sikio lake la kushoto limechanika. Kila asubuhi nikienda kuchota maji namwona ameelea kwenye magugu, ananitazama. Askari wa wanyamapori watakuja na bunduki wiki ya baada ya Pasaka. Wamesema hawapigi mpaka mimi nionyeshe ni yupi. Mkono wangu uko tayari. Niambie kwa nini dubu alimrarua yule mtu, au unyamaze kabisa.

Binti yako,
Caren


Ras Al Khor
24 Machi 2004

Caren mama,

Nakusalimu mbiombio, Jamiru anaitwa kazini, yalla yalla.

Aliua. Sasa sikia alichoniambia Yekoniya mwenyewe akimenya vitunguu. Mwongoza njia alipita katikati ya dubu na mtoto wake. Kitoto kidogo, rangi ya chai ya maziwa, kimekaa kwenye theluji kinachezea kijiti. Dubu akapiga mara moja tu, akamchukua mtoto wake, akaenda. Hakugeuka hata kumwangalia yule mtu. Arbab alimpata dubu kesho yake.

Sikwambii umwonyeshe wala usimwonyeshe. Mkono ni wako.

Baba yako


Nyumbani
2 Agosti 2004

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Joto la huko unalionaje? Sisi tumeshavuna.

Walikuja watatu. Tukasimama kando ya ziwa. Yule wa sikio akaibuka karibu sana, maji yanamtiririka, mdomo ameufunga. Mkubwa wao akaniuliza, "Mama, ni huyu?" Magugu nyuma yake yakatikisika. Labda mtoto, labda upepo. Nikakiona kile kitoto chako cha rangi ya chai, na kijiti chake. Nikasema, "Wote wanafanana." Wakarudi kwenye gari.

Mama mkwe hanisemeshi mpaka leo. Lakini nalala, baba. Tangu siku ile nalala.

Binti yako,
Caren


Ras Al Khor
25 Agosti 2004

Caren mama,

Unalala wewe, basi mimi ndiye nimeacha. Jamiru ameweka kalamu chini. Anasema haandiki hata salamu mpaka nikueleze, kwa sababu ngozi aliishona yeye na anajua.

Chumvi ni kweli. Mdomo ni kweli, niliugusa kwa mkono huu. Mtu alikufa kweli. Kwa nini, nilimuuliza Yekoniya mara tatu, akasema hajui, alikuwa amegeuka anachemsha maji.

Kile kitoto nilikitunga mimi. Dubu wetu ni dume, mama.

Baba yako