Vumbi la Saidi Bado Limo Kwenye Mashine

Tabora, Jumapili, mwezi wa kumi

Joto la leo halina adabu. Mvua imekataa kabisa, na upepo unazoa mchanga wa barabarani na kuuleta sebuleni kwangu kana kwamba nimeuagiza. Nimekaa kwenye kigoda jikoni, mashine mpya iko mbele yangu, na tangu asubuhi nimekuwa nikijiuliza niiwashe au niirudishe kwenye boksi lake.

Nimechanganyikiwa. Bora niseme mapema.

Mashine yenyewe ni ya kunyonya vumbi. Zuhura, binti yangu, kaituma kutoka Dar kwa basi, baada ya daktari kusema kwamba vumbi ndilo linaloamsha pumu ya mama. Mama siku hizi anakaa kwangu. Analala chumba cha nyuma, kwenye kitanda cha mdogo wangu Saidi, ambaye wiki iliyopita alipanda basi kwenda Dar kupasuliwa moyo. Kesho asubuhi ndiyo wanamwingiza chumba cha upasuaji.

Tangu Saidi aondoke, chumba kile hakijafagiwa. Mama kakataa katakata. Mtu akisafiri, chumba chake hakifagiwi mpaka afike salama. Ukifagia, umemfukuza, huenda asirudi. Watu wazima wote wa mtaani kwetu wanalijua hilo. Nikamwambia, mama, Saidi alishafika, kapiga simu mwenyewe na umemsikia. Akanitazama kama anavyonitazama nikizidisha chumvi kwenye mboga.

"Dar amefika," akasema. "Anakokwenda bado."

Lakini vumbi linazidi mle ndani, na kifua cha mama kinapiga filimbi. Nikifagia namvunja moyo. Nisipofagia, huenda Saidi akarudi akutane na matanga. Halafu ndio mwanangu anatuma mashine isiyo na ufagio wala mfuko, nami nabaki najiuliza: kunyonya nako ni kufagia?

Hilo la kukosa mfuko ndilo lililonivuruga zaidi, maana mimi mashine za aina hii si mgeni nazo. Miaka ile ya Ujamaa mama alikuwa mfanyakazi wa usafi kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Ilikuwa ya Mgiriki mmoja, ikawa mali ya umma, Mgiriki akaondoka na kuacha mazulia pamoja na mashine. Ilikuwa na mpini mrefu, na mfuko wa kitambaa ulining'inia nyuma yake. Ukiiwasha, mfuko ulivimba na sisi watoto tukakimbilia uani.

Mfuko ule ndio uliokuwa chujio. Upepo ulipita kwenye vitundu vya kitambaa, vumbi likabaki ndani. Tatizo ni kwamba vumbi lilivyozidi liliviziba vile vitundu, upepo ukakosa njia, na mashine ikabaki kelele tupu. Kila aliyewahi kuitumia alijua kwamba lazima umwage mfuko mara kwa mara.

Mama alijua pia. Ila hakumwaga.

Wageni wa pale wote walikuwa wasafiri, anayekwenda Kigoma, anayekwenda Mwanza. Mgeni akiondoka, chumba lazima kisafishwe, ndiyo kazi. Kwa hiyo mama alisafisha, lakini vumbi hakulitupa. Alisema ilimradi halijatoka ndani ya nyumba, mtu hajafukuzwa. Mfuko haukumwagwa mpaka treni ya yule mgeni iwe imefika. Na kwa kuwa kila siku kuna mgeni anaondoka, mfuko haukupata siku ya kumwagwa.

Meneja akawa analalamika mashine haivuti. Mara aseme umeme mdogo, mara aseme mabeberu wametuuzia vitu vibovu kwa makusudi. Siku moja akaufungua mfuko mwenyewe, akaukuta umeshindiliwa kama mto wa sufi. Akamwita mama, na mimi nilikuwepo, nimemletea chakula.

"Ndugu, hii ni nini?"

"Ndugu Meneja, mgeni wa chumba cha pili hajafika Kigoma."

Kumbe kesho yake Meneja mwenyewe alikuwa anapanda treni kwenda mkutanoni Dar. Alizunguka pale ofisini kidogo, akavaa kofia yake, akasema basi, mfuko uachwe hivyo hivyo mpaka arudi. Mama alikirudia kisa hicho mpaka nikakishika kwa moyo, na kila mara tulicheka.

Kuna kisa kingine hakunisimulia. Nacho kinanikera mpaka leo.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Watu walipokuwa wanahamia vijiji vipya, akaitwa kwenda upande wa Puge kufunga mashine ya kijiji. Alivaa ovaroli lake la buluu, akanishika kichwa, akamshika Saidi aliyekuwa mgongoni kwa mama, akapanda lori. Lori halijapotea hata vumbi lake barabarani, mama akashika ufagio. Akafagia chumba kizima, uvunguni na kwenye kona. Yule yule aliyekataa kumwaga mfuko kwa ajili ya watu asiowajua hata majina. Nikamuuliza, mama, mbona unafagia? Akaniambia nishike langu.

Baba hakurudi. Hakufa njiani, hapana. Alioa huko huko.

Majirani walisema waziwazi kwamba mama alimfagia mumewe mwenyewe. Mimi nilikuwa mtoto na niliamini, na nikiwa mtu mzima niliacha kuamini ufagio lakini sikuacha kumshangaa mama. Nilijiambia, huyu alikuwa amemchoka baba, akafurahi ameondoka. Sikuwahi kumuuliza tena.

Likizo moja nilipelekwa Puge kumwona baba. Mke wake alinipokea kwa "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya huko, na maziwa ya mgando, na kwa bahati mbaya nilimpenda. Baba akanipeleka kwenye mashine yake. Kwanza, akasema, walikuwa wanapuliza unga kwenye mfuko wa kitambaa cha marekani, mfuko ukaziba, unga ukaruka mpaka wasagaji wakawa weupe kama wametoka kwenye jando. Baadaye ikaletwa koni ya bati, pana juu na nyembamba chini. Nikauliza unga unajuaje kushuka na upepo unajuaje kupanda.

"Upepo ukizungushwa mbio, unga unatupwa pembeni kwenye bati," akasema. "Ukigonga bati unachoka, unashuka. Upepo wenyewe unapitia katikati, unakwenda zake juu."

Unakwenda zake. Nilikumbuka hayo maneno njia nzima nikirudi Tabora.

Leo Zuhura kanitumia sauti ndefu kwenye simu akinieleza mashine yake, na nimeisikiliza mara kadhaa nikiwa na bisibisi mkononi. Anasema mashine za kwanza kuacha mfuko ziliweka tu kikopo na chujio ndani yake, na chujio likaziba kama mfuko tu, hakuna kilichobadilika. Ndipo wakaja na kuuzungusha upepo ndani ya koni, vumbi zito likaanguka lenyewe. Lakini lile jepesi kama unga wa muhogo bado lilipenya, kwa hiyo wakaweka koni ndogo ndogo nyingi, zimesimama pamoja kwa duara, kila moja inazungusha kivyake. Juu yake kuna chujio la mwisho la kuosha kwa maji na kuanika. Siku hizi zipo hata za betri, unatembea nayo kama bakora.

Nikazitazama zile koni ndogo. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Ni koni ya baba, imezaa watoto.

Na kikopo chenyewe ni cha plastiki angavu. Mfuko wa mama ulificha, hiki kinaonyesha kila kitu.

Sasa ni usiku, naendelea kuandika. Mchana nilijikaza, nikaingia chumbani kwa mama na mashine mkononi. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza kwamba haifagii, inavuta, na ilichovuta kinabaki humu, ukione. Mama akakigonga gonga kikopo kwa kucha. Akauliza mfuko uko wapi. Nikasema hauna. Akauliza basi vumbi linakaa wapi. Nikamwonyesha. Alikohoa, akafikiri.

"Washa," akasema. "Lakini usimwage."

Nikawasha. Mama aliketi kitandani amekunja miguu, anafuatilia vumbi linavyozunguka. Vilionekana vyote: maganda ya karanga za Saidi, nywele alizonyoa asubuhi ya safari, kipande cha tiketi. Ndipo machozi yakanijia bila taarifa. Mimi nisiyeamini ufagio nilikuwa nimeshika nywele za mdogo wangu kwenye kikopo, na ungenipa nini sijui ili nizitupe jalalani, nisingezitupa.

Sasa mkasa. Kikopo kina mstari, na Zuhura kasema vumbi likifika hapo lazima limwagwe, la sivyo linapanda kwenye chujio na kurudi chumbani. Nusu ya chumba tu, likafika. Uvunguni bado, na uvunguni ndiko kubaya. Nikamwangalia mama. Nilitegemea aseme acha.

Akaniambia nivute sanduku lake. Chini ya kanga za zamani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, la zile enzi za foleni, mdomo umefungwa kitambaa. Nilidhani litakuwa tupu, ananipa nitie vumbi la Saidi. Lilikuwa zito kidogo. Akafungua kwa meno, vidole vyake havina nguvu tena.

Ndani kulikuwa na vumbi. Vumbi la kijivu, limegandamana, na juu yake uzi mfupi wa buluu.

Nilielewa polepole sana, nakiri. Nilimtazama, nikatazama ule uzi, nikaona lile ovaroli likipanda lori. Alifagia, ndiyo. Alifagia siku ile ile ili asije mtu mwingine akafagia na kutupa. Akalizoa lote akalifungia, na akahama nalo nyumba zote tulizohama, tangu baba alipooa, tangu tuliposikia ana watoto wengine, hata siku mimi na Saidi tulipokwenda Puge kumzika na yeye akabaki, akisema miguu inamuuma.

Nilisema, "Mama."

Yeye akateremka kitandani, akaniegemea bega, tukatoka mpaka uani. Alisimama akalishika kopo vizuri kwa mikono miwili. Hakulia, wala hakusoma dua ya kusikika.

"Huyu alishafika," akasema, akalimwaga.

Upepo ulilichukua kuelekea barabarani. Akalipigapiga kopo kitakoni mpaka likawa safi, akalipangusa kwa pindo la kanga, akanipa.

"Haya. Tia la Saidi, umalizie uvunguni. Nataka kulala."

Nimemalizia. Chumba kinang'aa na mama kalala, kifua kimetulia kuliko jana. Mashine iko kwenye kona, kikopo chake kitupu. Nimejaribu kumweleza Zuhura kwa simu, akaniuliza kama mashine inavuta vizuri, nikasema inavuta. Sijui ningeanzia wapi. Miaka yote hii nimemhukumu mama kwa ufagio alioushika, na sikujua alichokizoa. Je, kuna vitu vingapi vingine nimeviona nusu nikadhani nimeviona vizima?

Saidi, ndugu yangu, kesho ukiamka huko chini ya taa zao, ujue kopo liko kwangu na tumelifunga kitambaa kipya. Rudi ulimwage mwenyewe.