Kwa Duane, Aliyetupandishia Bei ya Piano Kila Oktoba

Mwaka umetimia sasa, Duane, tangu asubuhi ile ya Machi ulipokaa kitini kufunga viatu vyako vizito, ukafunga kimoja tu. Theluji ilikuwa bado imelala uani. Kile cha pili mkeo Arlys hakukigusa muda wote huo pale mlangoni. Akifagia, alikizunguka.

Tunakukumbuka kwa mambo madogo. Ulipiga mluzi ukikwangua barafu kwenye kioo cha gari, na ukimaliza lako unahamia la jirani. Chapati za viazi za Krismasi ulizipaka siagi na sukari ukala mbili, ukidai ya kwanza ilikuwa ya kuonja. Ijumaa, tukienda kula samaki wa kukaanga, kipande kilichokauka vizuri pembeni ulimsogezea Arlys, ukasema wewe hukipendi. Ulikipenda sana. Tulikuona ukikimalizia alipobakisha.

Miaka thelathini na sita ulikuwa fundi wa kampuni ya umeme. Barafu ilipoangusha nyaya, wewe ulikuwa juu ya nguzo wakati wenzako wa mtaani wanatafuta mishumaa. Na ulishika desturi ya mafundi wa zamani: kila ulipokagua sanduku la umeme, uliandika kwa penseli ndani ya mlango wake tarehe, kipimo, na neno la mwisho. Kama kuna kasoro, unaitaja kasoro yenyewe. Kama hakuna, unaandika "Sawa." Penseli hiyo ilikaa nyuma ya sikio lako hata kanisani, na mchungaji alishazoea.

Lakini siku inayotuuma zaidi ni Jumapili ya pili ya Oktoba.

Mwaka wa 1979 mlikuwa na dola elfu moja na mia mbili benki, na hamkuwa na nyingine. Kampuni ilikuwa inawauzia wafanyakazi hisa zake. Wendell, jirani yako na fundi mwenzako, alinunua. Wewe ulikuwa umeshajaza fomu, imebaki kupelekwa. Ndipo Arlys, akiwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka kwamba kuna mwalimu mjini anauza piano. Hakusema zaidi. Ulijua kuwa piano ya kwao iliuzwa mnadani pamoja na ng'ombe wa baba yake, naye akiwa na miaka kumi na mmoja, amesimama uani anaangalia inavyopakiwa. Jumapili baada ya ibada ukaja na piano ya mwalimu nyuma ya pikapu, imefunikwa mablanketi. Ile fomu ya hisa ukaitia kwenye jiko la kuni.

Miaka ikaenda, hisa zikapanda. Kila Oktoba, Jumapili ile ile, ukitoka kunywa kahawa ya kanisani ulikaa mezani na gazeti. Kama tungeliziweka zile pesa, na kama gawio la kila miezi mitatu tusingelila bali tungelinunulia hisa nyingine, leo zingekuwa ngapi? Ulihesabu taratibu, ukifuta, ukipuliza vumbi la kifutio. Kisha unasimama kama dalali.

"Bibie, piano yako leo imefika dola elfu tisa!"

"Basi vua kofia ukipita mbele yake, mzee."

Binti yenu Janelle alikua akiambiwa asiweke glasi juu ya piano ya elfu tisa, baadaye ya elfu ishirini. Mwaka ule hisa zilipoporomoka ulitoka mezani unacheka, "Leo iko bei ya kutupa, tununue ya pili!" Wendell naye alikuwa hakuachi. Hisa zake zilimpa nyumba ndogo ziwani, na boti.

"Duane, ile piano yako inaelea?"

"Na boti yako inajua wimbo gani?"

Tukacheka sote. Arlys alicheka pia, kila mwaka. Lakini kuna swali alilokaa nalo miaka arobaini na minne, na hakukuuliza. Mtu anayehesabu hasara ile ile kila Oktoba, hajuti kweli?

Oktoba yako ya mwisho, mjukuu wako Britta alishika kichwa. "Babu! Elfu themanini na moja? Si mngekuwa matajiri nyinyi!"

Ukakunja gazeti. "Ndiyo," ukasema, "tungekuwa." Arlys alikuwa jikoni anakata mkate, akalisikia lile neno, akaendelea kukata. Tangu ulipoondoka, neno hilo ndilo limekuwa likimwamsha.

Oktoba iliyofuata hukuwepo. Aliweka gazeti mezani na penseli juu yake, mahali pako. Akapiga wimbo mmoja wa kanisani, hata ubeti wa mwisho hakuufikia, akafunika piano.

Februari hii ikabidi ahame. Ngazi za nyumba yetu zimemshinda magoti, na Janelle amempatia vyumba viwili karibu na kwake. Vyumba ni vidogo. Tukamwita Bwana Kowalke, anayenunua na kutengeneza piano za zamani. Akabonyeza hapa na pale, akakuna kidevu.

"Mama, nikuambie ukweli. Sikupi hata dola moja. Ukitaka niiondoe, wewe ndiye utanilipa mimi."

"Ngoja kwanza," akasema Janelle. "Baba alisema elfu themanini na moja."

Walicheka, Duane, mama na mwana, wakashikana wasianguke, mpaka kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Kowalke, kwa haya, akajitia kazi. Akafungua ubao wa mbele ili aangalie vinyundo vya ndani. Akaugeuza ubao, akausogeza kwenye mwanga.

"Kuna mtu ameandika humu."

Ni mwandiko wako. Kwa penseli, kutoka juu kushuka chini, mstari kwa kila mwaka, mistari arobaini na mitano. *Okt. 1979. 1,200. Sawa.* Mwaka Wendell aliponunua nyumba ya ziwani: *Sawa.* Mwaka hisa zilipoporomoka: *Sawa.* Mwaka mliokosa pesa za kubadilisha paa mkaweka ndoo sebuleni: tarakimu kubwa, na *Sawa.* Mstari wa mwisho herufi zinatetemeka: *Okt. 2023. 81,300. Sawa.*

Arlys aliketi sakafuni na magoti yake hayo hayo, ubao mapajani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akitafuta kasoro. Hakuiona hata moja.

"Mtu mzima wewe," akakuambia, "ulishindwa nini kufungua mdomo?"

Bwana Kowalke aliiweka piano sawa na hakutaka malipo. Sasa imo kwenye vile vyumba viwili. Kochi limegawiwa, na meza kubwa ya kulia tumempa Britta, kwa hiyo ukija mgeni tunakula sahani mapajani. Kiatu chako kiko chini ya piano, karibu na kanyagio.

Jumapili iliyopita tulikusanyika tufanye hesabu ya ile Oktoba iliyotupita. Britta alihesabu kwa simu, mara mbili, kwa sababu bibi yake hakuiamini ya kwanza. Kisha Arlys akaomba afunguliwe ubao. Akachukua penseli yako, akailamba ncha kama ulivyokuwa ukifanya, akaandika chini ya mstari wako: *Okt. 2024. 95,400.*

Hapo mkono ukasimama. Tulidhani anatafuta miwani. Lile neno lako alilijua, na nafasi yake ilikuwapo. Lakini uliishi naye miaka mingi, ukamfundisha kwamba fundi haandiki sawa mahali pasipokuwa sawa. Penye kasoro, anaitaja.

Akaandika: *Duane hayupo.*

Unakumbukwa na mkeo Arlys. Binti yako Janelle na mumewe Curt. Mjukuu wako Britta. Dada yako Mavis. Na Wendell, anayekuarifu kwamba boti mpaka leo haijui wimbo wowote.

Miaka yote itakayoandikwa chini ya mistari yako, Duane, tutakuwa tunakukumbuka.